Kutazama Wanyama Mahali Pao: Somo la Buffalo Springs

Mtu akitoka mjini Isiolo kwa motokaa na kushika njia kuu ya kaskazini, iendayo Marsabit na Moyale, hana haja ya kusafiri mchana kutwa ili aone wanyama wa porini. Kabla hajafika Archer's Post, ambako ni mwendo wa kilometa 35 hivi, ataona upande wake wa kushoto njia ya kuingilia Hifadhi ya Buffalo Springs. Ng'ambo ya mto, upande wa kaskazini, iko Hifadhi ya Samburu; na upande wa kulia wa njia kuu iko Hifadhi ya Shaba. Wageni hutoka Ulaya na Marekani kwa gharama kubwa kuja kuzitazama. Lakini wako wenyeji wengi wa Isiolo wapitao hapo kila mwezi, na mbuzi zao au mizigo yao ya duka, wala hawajapata kuingia ndani hata siku moja.

Tumesikia wengine wakisema hivi: "Mimi nimewaona wanyama tangu utoto wangu nilipokuwa nikichunga. Kuna nini humo hata nilipe kiingilio?" Swali hilo ni la haki, na halijibiwi kwa kucheka. Katika somo hili twataka kulijibu.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba kuona ni jambo moja, na kutazama ni jambo lingine. Mchungaji humwona simba kwa hesabu ya mbuzi wake. Akijua simba yuko wapi na anaelekea wapi, imemtosha. Mtu wa mjini naye humwona simba katika picha, au nyuma ya vyuma. Wote wawili wamemwona simba, lakini kila mmoja amemwona peke yake, kana kwamba ametupwa tu duniani. Hawakutazama mti alioulalia kivuli, wala maji anayoyavizia, wala upepo anaoukinga asisikiwe harufu. Mnyama na mahali pake ni kama herufi na neno: herufi moja waweza kuitamka, lakini haikuelezi habari.

Mfano wa jambo hili ulitokea hapa hapa Isiolo, na habari zake zimeenea dunia nzima. Tarehe 1 Februari, 1956, Bwana George Adamson, aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyama katika Jimbo la Mpaka wa Kaskazini na makao yake yakiwa Isiolo, alikuwa katika msako wa simba mla watu. Simba jike aliwarukia kwa ghafula, naye akapigwa risasi akafa. Walipomtazama wakaona ana maziwa, ndipo walipofahamu kwa nini alikuwa mkali vile: alikuwa akilinda watoto wake. Watoto watatu, wote majike, wakaokotwa katika ufa wa mwamba, wakaletwa nyumbani Isiolo, na mkewe Bwana Adamson, Bibi Joy, akawalea kwa maziwa ya chupa.

Watoto wa simba watatu si mchezo, maana hukua upesi. Baada ya miezi michache ilionekana wazi kuwa haiwezekani kuwaweka wote. Wawili wakubwa wakapelekwa kwa ndege mpaka Uholanzi, katika bustani ya wanyama ya mji wa Rotterdam. Yule mdogo, aliyeitwa Elsa, akabaki Isiolo. Hapo ndipo ndugu wa tumbo moja walipotengana njia: wawili wakaishi kwa kukatiwa nyama na kutazamwa na watu chini ya mbingu ya mvua na baridi, na mmoja akaanza kufundishwa kurudi porini.

Msomaji asidhani kwamba kumrudisha simba porini ni kufungua mlango tu na kumwambia "Nenda." Elsa alikuwa hajui kuwinda, kwa kuwa kazi hiyo mama ndiye aifundishaye. Tena mahali pa kwanza alipopelekwa palikuwa mbali sana na nchi aliyoizoea, nchi ya juu na yenye baridi kuliko jangwa la Isiolo. Huko akaugua, akakonda, wala hakufaulu. Ikawapasa kumtafutia mahali pengine, karibu zaidi na nchi alikozaliwa, kando ya mto Ura katika upande wa Meru. Hapo akaponea. Akajifunza kuua, akapata dume la porini, na mwezi wa Desemba 1959 akazaa watoto watatu. Simba yule yule, walezi wale wale, na mafundisho yale yale; kilichobadilika ni mahali. Alikufa mwezi wa Januari 1961 kwa ugonjwa uletwao na kupe, na kaburi lake liko huko huko kando ya Ura, katika hifadhi ya taifa ya Meru.

Mambo hayakuishia kwa furaha tupu, na ni vema tuseme kweli. Watoto wa Elsa walipokosa mama walianza kula mbuzi za watu wa jirani, na watu wakakasirika, kama ambavyo mfugaji ye yote angekasirika. Mwaka huo huo wa 1961 ikawa lazima kuwakamata na kuwahamisha mpaka Serengeti. Kitabu cha Bibi Adamson juu ya Elsa kilitoka mwaka 1960, na sinema yake mwaka 1966, vikasomwa na kutazamwa na mamilioni. Lakini kwa fikira zangu, wengi waliolia katika sinema hiyo hawakupata kuufikiria upande wa mwenye mbuzi.

Na wale wawili wa Rotterdam je? Swali hilo limewasumbua hata wenye bustani za wanyama wenyewe kwa muda mrefu. Zamani mnyama aliwekwa katika tundu la vyuma lenye sakafu ya mawe, akatembea huku na huku mchana kutwa kama mtu aliyefungwa jela. Mjerumani mmoja, Carl Hagenbeck, ndiye aliyefungua bustani ya namna mpya karibu na Hamburg mwaka 1907. Aliondoa vyuma, akachimba mahandaki mapana na marefu ambayo mnyama hawezi kuyaruka, akajenga miamba ya kuigiza, hata mtazamaji akaona simba kama yu huru mbele yake. Katika miaka ya 1970 watu wa Seattle, nchini Marekani, wakaendelea zaidi: wakawapandia sokwe wakubwa wa aina ya gorila miti na majani mengi, wakawaachia mahali pa kujificha wasitazamwe wanapotaka faragha. Mtazamaji akalazimika kungoja na kuchungulia, badala ya mnyama kulazimika kujionyesha.

Pwani yetu pia iko bustani ya namna hiyo, nayo yastahili kutajwa. Huko Bamburi, karibu na Mombasa, kampuni ya saruji ilikuwa imechimba mawe ya matumbawe hata pakabaki uwanda mtupu usioota hata jani. Tangu mwaka 1971 Bwana René Haller alijaribu miti mingi, na ule uliokubali ni mvinje. Lakini majani ya mvinje yaliyoanguka hayakuoza, mpaka walipoletwa majongoo wekundu wakayala na kuyageuza udongo. Udongo ukaleta miti mingine, miti ikaleta ndege, na leo mahali hapo huitwa Haller Park. Hapo ndipo alipopelekwa yule kiboko mtoto aliyeokolewa baharini karibu na Malindi baada ya ile tsunami ya Desemba 2004, akafanya urafiki na kobe mzee. Watu hupenda habari ya kiboko na kobe. Mimi nampenda zaidi jongoo, kwa kuwa pasipo yeye kiboko asingepata kivuli.

Basi sasa turudi Isiolo, kwa maana bustani hizo zote, kwa werevu wake wote, zinajaribu kuiga kile ambacho sisi tunacho pasipo kukijenga.

Ukiingia Buffalo Springs, usianze kwa kumtafuta simba. Wageni wengi hufanya hivyo, wakamaliza siku nzima wakikimbizana na vumbi. Anza kwa maji. Iko chemchemi ya maji maangavu ambayo ndiyo iliyoipa hifadhi jina lake, na wazee husimulia kwamba bwawa mojawapo lilichimbwa na bomu la ndege ya Waitalia wakati wa vita kuu ya pili, ndege hiyo ikiwa imekusudia kuupiga mji wa Isiolo. Kisha nenda mpaka mto Ewaso Nyiro, unaoshuka kutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, ukapita katika nchi kavu na kuishia katika kinamasi cha Lorian. Kando zake imesimama mikoma, ile minazi ya jangwani ambayo shina lake hugawanyika matawi. Simamisha motokaa, zima injini, ukae kimya kwa nusu saa. Kwa njia hii utaona mambo mengi kuliko yule anayekimbia huku na huku.

Wakati wa kiangazi mto huo waweza kukauka ukabaki mchanga. Tazama basi tembo anavyofanya. Hupiga mchanga kwa mguu, akauchota kwa mkonga, akachimba kisima mpaka maji yaanze kujikusanya chini. Hunywa taratibu, na akiondoka, wanyama wengine huja kunywa katika kisima hicho hicho. Mto huu una tabia ya ajabu. Mwaka 2009 nchi ilikaushwa na ukame mkali. Na mwanzoni mwa Machi 2010 mafuriko yakashuka ghafula usiku, yakazoa kambi za wageni zilizojengwa kingoni. Na wala si mvua tu iamuayo maji hayo. Watu wa juu, wenye mashamba ya kumwagilia, huyachota mapema. Hivyo mtu wa Isiolo anapouona mchanga mtupu huku chini, anaona pia kazi ya watu ambao hatawaona kamwe.

Ukisha kuyaelewa maji, wanyama watajieleza wenyewe. Wako watano ambao wageni huwatafuta sana hapa, kwa kuwa ni wa nchi kavu ya kaskazini na hawapatikani Nairobi wala Mara. Swala twiga, mwenye shingo nyembamba, husimama wima kwa miguu ya nyuma akachuma majani ya mgunga yasiyofikiwa na swala wengine. Majani hayo humpa unyevu, hata huweza kukaa bila kunywa maji. Choroa, mwenye pembe ndefu zilizonyooka, huuacha mwili wake upate joto kupita digrii 40 kabla hajatoa jasho, ili asipoteze maji, na damu iendayo kwenye ubongo hupozwa kwanza karibu na pua. Twiga wa hapa ana mistari myeupe kama wavu uliotandazwa juu ya nguo nyekundu. Na mbuni dume ana shingo na mapaja ya rangi ya samawati, si mekundu kama wale wa kusini; mwaka 2014 wataalamu walikubaliana kuwa ni mbuni wa aina yake mbali.

(Hapo juu nimesema kwamba wanyama watajieleza. Ni kweli, lakini si siku zote. Mwaka 2002, katika Hifadhi ya Samburu, simba jike mmoja alimchukua mtoto wa choroa akamlinda kama mwanawe, akalala naye kivulini wala asimle, mpaka simba mwingine alipomnyang'anya. Baadaye akawachukua wengine tena. Watu wakampa jina la Kamunyak, maana yake mwenye baraka. Hakuna aliyelieleza jambo hilo nikaridhika.)

Nimemwacha wa tano makusudi, kwa kuwa yeye ndiye sababu kubwa ya kuandika somo hili. Naye ni punda milia wa Grevy.

Wengi hudhani punda milia ni mmoja tu. Tazama vizuri. Punda milia wa kawaida ana milia mipana inayozunguka hata tumboni. Huyu wa Grevy ni mkubwa zaidi, milia yake ni myembamba na imesongamana, tumbo lake ni jeupe, na masikio yake ni makubwa na ya mviringo. Alipata jina hilo mwaka 1882, kwa heshima ya Jules Grévy, rais wa Ufaransa, aliyepewa zawadi ya mnyama wa namna hii kutoka Uhabeshi. Kwa hiyo yeye pia alijulikana na wataalamu wa Ulaya kwa njia ya mnyama mmoja aliyetolewa mahali pake.

Tabia zake haziwezi kufahamika nje ya nchi hii kavu. Dume hana kundi la majike kama punda milia wa kawaida. Bali hushika eneo lake, mara nyingi lililo karibu na njia ya maji, akawangoja majike wapite. Kwa nini afanye hivyo? Kwa sababu jike anyonyeshaye lazima anywe maji kila siku moja au mbili, ijapokuwa wengine wanaweza kustahimili mpaka siku tano. Jike huchukua mimba muda wa miezi 13 hivi, na mtoto akiwa bado mdogo mama huweza kumwacha pamoja na watoto wengine, naye akaenda kunywa na kurudi. Katika bustani ya Ulaya, ambamo maji hutiwa katika birika kila asubuhi, mambo haya yote hayaonekani. Ungemwona punda milia mwenye milia mizuri, basi.

Na hapa ndipo mchungaji na punda milia wanapokutana. Palipo na mifugo mingi, kisima hushikwa na watu na ng'ombe tangu asubuhi hata jioni. Punda milia wa Grevy huogopa, hujitenga mbali, akaja kunywa usiku. Lakini usiku ndio saa ya simba na fisi. Jike mwenye mtoto, asiyeweza kukaa siku tatu bila maji, hana hiari. Hivyo mtoto wa punda milia hufa si kwa sababu mchungaji amemuua, wala si kwa sababu mchungaji amekosa. Hufa kwa sababu saa za maji zimekwisha.

Katika miaka ya 1970 wanyama hawa walikadiriwa kuwa kiasi cha 15,000. Ngozi zao ziliuzwa sana, mpaka Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Lakini hata baada ya hapo waliendelea kupungua kwa sababu ya malisho na maji. Leo katika dunia nzima wamebaki kama 3,000, na walio wengi sana wako hapa Kenya kaskazini. Katika ukame wa mwaka 2022, serikali ilipotoa hesabu ya wanyama waliokufa katika muda wa miezi tisa, punda milia wa Grevy walikuwa 49. Mtu atasema 49 si wengi, kwa maana tembo waliokufa walikuwa 205. Lakini na afanye hesabu mwenyewe: 49 katika 3,000.

Sasa twende kwa adabu za kutazama. Fika mapema, kabla jua halijawa kali, kwa kuwa wanyama hutembea asubuhi na jioni, na saa sita hulala. Vaa nguo zisizong'aa. Ukiwa na darubini ni vizuri, nayo hata moja yatosha watu wanne wakipokezana. Usitoke ndani ya motokaa ila mahali paliporuhusiwa. Usiwape nyani wala tumbili chakula, maana utakuwa umewafundisha wizi, na mgeni ajaye baada yako ndiye atakayeporwa. Na motokaa isiiache njia. Siku moja nilipanda gari la kukodi pamoja na wageni, dereva akaiacha njia ili tumkaribie chui aliyekuwa juu ya mti. Chui akashuka akatoweka, nasi tukabaki na picha ya tawi. Niliporudi baada ya muda mrefu, alama za magurudumu yetu zilikuwa bado ziko juu ya nyasi, na magari mengine yameshazifuata na kuzifanya njia. Nchi kavu haisahau upesi.

Mwalimu atakayewapeleka watoto wa shule na awape kazi, wasiende kama abiria. Mtoto mmoja ahesabu ni wanyama wa namna ngapi waliokuja katika maji kwa saa moja; mwingine aandike nani alimpisha nani; wa tatu achore mti mmoja na kila kiumbe kilichoutumia, hata chungu. Na watoto wa wafugaji wasinyamazishwe. Mara nyingi wao watamfundisha mwalimu, kwa kuwa wanajua nyayo ambazo yeye hazijui.

Ikiwa mtu ana simu yenye kamera, iko kazi ya maana zaidi ya kujipiga picha mwenyewe. Milia ya punda milia ni kama alama za vidole vya mtu. Hakuna wawili wanaofanana. Kwa ajili hiyo, mwezi wa Januari 2016, wataalamu waliwaita watu wa kawaida, wazee na vijana, wenyeji na wageni, wakasambaa katika nchi ya kaskazini kwa siku mbili wakipiga picha za kila punda milia wa Grevy waliyemkuta. Picha zikalinganishwa mmoja mmoja, na hesabu ikatoka kwamba Kenya wako 2,350. Walipofanya hivyo tena mwaka 2018 wakapata 2,812. Wako pia wachungaji wa Samburu, wanaume kwa wanawake, walioajiriwa kuwafuata wanyama hawa na kuandika habari zao kila siku.

Picha ifaayo kwa kazi hiyo ina sharti lake. Mngoje mnyama asimame, asiwe amefunikwa na majani wala na mwenzake, na tumbo na paja lake vionekane vyote. Na uwe ubavu wa kulia, kwa sababu huo ndio waliokubaliana kuulinganisha. Milia ya ubavu wa kushoto ni mingine kabisa, hata kwa mnyama yule yule.